Chumvi Haichujwi

Leo hatufungui daftari.
Dadi, lete ile chupa iliyokatwa kitako,
ishike mdomo chini, kama popo aliyelala.
Pamba kwanza, ishindilie.
Juu yake mkaa wa jikoni kwa mama Nachilongo,
ule tuliouponda jana mpaka Zaituni akaota masharubu.
Mchanga laini, kisha mchanga wa chengachenga,
kisha kokoto zilizooshwa mara tatu
(mara ya tatu mlinidanganya, niliona).

Sasa maji.
Haya ni ya bondeni, chini ya Shimo la Mungu.
Somoe ameyapandisha kichwani alfajiri,
hatua mia sita na kitu, anasema,
hesabu ilimpotea pale alipokanyaga siafu.
Yatazameni: rangi ya chai ya msibani,
jani moja, mguu wa panzi,
na kitu kinachoogelea
ambacho hakuna aliyekubali kukipa jina.

Mimina. Polepole, Dadi, huzimi moto.

Tukangoja.
Darasa la nne halijui kungoja,
lakini siku ile watoto arobaini na saba
walinyamaza wakisikiliza chupa.
To.

To.
Tone la kwanza jeusi, la mkaa. La pili kijivu.
La ishirini, Zaituni alilihesabu kwa sauti,
likang'aa kama jicho la mtoto aliyetoka kulala.

"Ninywe, mwalimu?"
Kikombe cha bati kiko mkononi tayari.
La, Dadi. Mchanga umemkamata panzi,
haukukamata kijidudu cha kuhara.
Hicho hupenya kati ya punje na punje
kama wewe unavyopenya uzio wa babu yako
msimu wa mabibo.
Yachemshe. Yatokote, yarukeruke, yapige kelele,
kisha yafunike yapoe. Hapo ndipo unywe.

Wakapiga makofi.
Ningeweza kuishia hapo, kengele ilikuwa karibu.
Lakini nilikuwa na chumvi mfukoni.

Kijiko kimoja katika maji yaliyochujwa. Koroga.
Iko wapi? "Haipo!"
Basi chujeni tena. Na tena.
Pelekeni jikoni yatokote, yapozeni kwa kupepea na madaftari.
Haya, Dadi, ni zamu yako. Onja.

Uso wake ukajikunja kama kanga iliyokamuliwa.
"Bado ina chumvi!"

Bado. Haishikwi na mchanga, haifi kwa moto.
Na dawa ya maji tunayopulizia mikorosho
ina tabia hiyohiyo:
huingia kisimani bila hodi,
na maji yakabaki meupe, yanakuchekea.
Salfa nayo imelala juu ya bati tangu Juni.
Kwa hiyo mvua ya kwanza ni ya bati,
geuzeni mfereji, ioshe, imwagike mbali.
Ya kisima ni zile zinazofuata.
Yako maji ya kusafisha, watoto wangu,
na yako ya kulinda tu,
kwa sababu yakishaharibika
hata mwalimu hana chupa ya kuyatosha.

Somoe akanyoosha kidole.
Hakuwa na swali.
"Kule bondeni, pembeni ya chemchemi,
kuna mtu huosha bomba la kupulizia."
Nani?
Akatazama kucha zangu.

Wote wakatazama kucha zangu,
za njano, msimu mzima ni za njano,
sabuni imeshazikatia tamaa.
Nilitaka kusema ilikuwa mara moja tu,
kwamba jua lilikuwa kali na bomba zito,
na maji ya kupandisha nani angenipandishia.
Nyuma yangu ubaoni, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
TUTUNZE VYANZO VYA MAJI.
Nikafuta mikono kwenye suruali.

Kengele ikalia. Hakuna aliyetoka.

"Ni mimi," nikasema.

Jumamosi nimechimba shimo shambani,
katikati ya mikorosho, mbali na kila bonde.
Bomba naliosha huko sasa,
na ndoo ya kuoshea naipandisha kwa kichwa changu.
Ni hatua mia sita na kumi na nane, Somoe.
Siafu bado wapo.